Paka na UTI isiyoisha: fuata dalili mpaka kwenye bakuli

Paka wangu Karafuu, dume aliyehasiwa, alichomwa sindano tatu za antibayotiki ndani ya mwaka mmoja. Kila mara mambo yalikwenda vile vile. Anachuchumaa juu ya tundu la maji bafuni, anakunja mgongo, anakamua, tone moja la rangi ya pinki linabaki kwenye kigae cheupe, kisha anakaa pembeni na kujilamba kwa muda mrefu. Tunampeleka, tunaambiwa ni UTI, yaani bakteria kwenye njia ya mkojo, anachomwa, siku ya tano anaruka juu ya kabati. Baada ya miezi mitatu minne, tone jingine.

Mara ya nne nilimpeleka kliniki nyingine. Daktari alikuwa mama mtu mzima, akaitikia shikamoo yangu huku tayari anampapasa Karafuu tumbo.

"Anakula nini huyu, mwanangu?"

"Punje kavu za paka, mama. Jioni namwekea dagaa."

"Na maji?"

"Bakuli lipo muda wote."

"Sikuuliza kama lipo. Nauliza anakunywa kiasi gani."

Sikujua. Nimeandika haya kwa mwenye paka ambaye na yeye hajui, na anakaribia kulipia sindano nyingine. Kwa paka aliye chini ya miaka kumi, bakteria ni sababu adimu ya kukojoa damu. Mara nyingi zaidi kibofu kimevimba bila mdudu wowote, au kina fuwele, yaani chembe za madini, na vijiwe, na yote hayo yanategemea sana wingi wa maji yanayopita mwilini mwake kwa siku. Lakini kabla ya kufika kwenye chakula, kuna swali moja la kujibu leo hii.

Mkojo unatoka au hautoki?

Kama paka wako ni dume na tangu asubuhi anakwenda kwenye mchanga wake wa kujisaidia, anakamua, na mchanga unabaki mkavu, acha kusoma umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Hata kama ni usiku. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana, hasa karibu na ncha ya uume, na huzibwa na kizibo cha ute uliochanganyika na fuwele, au kijiwe, au misuli ya mrija iliyokaza kwa maumivu. Mkojo ukikosa njia, figo zinashindwa kazi na potasiamu inapanda kwenye damu mpaka mapigo ya moyo yanavurugika. Tangu kuziba kabisa hadi kufa ni siku mbili au tatu. Jike naye anaweza kuziba, ila ni nadra kwa sababu mrija wake ni mfupi na mpana.

Mguse taratibu sehemu ya chini ya tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma. Kibofu kilichoziba ni kigumu na cha mviringo, unakikuta mkononi kama ndimu kubwa au chungwa dogo, na yeye atalia au atataka kukuuma. Usikibinye kabisa, kinaweza kupasuka. Akiwa ameshaanza kutapika, amelegea na hataki chakula, saa zilizobaki ni chache.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni kudhani amefunga choo, kwa kuwa anavyochuchumaa ni vile vile. Watu wanamnywesha mafuta ya kula na kusubiri kesho. Ukiwa na shaka, chukulia kwamba ni mkojo.

Usimpe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka. Diklofenaki na ibuprofeni zinapiga figo ambazo tayari zina mzigo. Kliniki atawekewa mpira wa mkojo na dripu, na ukiweza omba damu ipimwe potasiamu na figo. Mazungumzo ya chakula yanaanza akisharudi nyumbani, na usiyaache, maana paka aliyeziba mara moja anaweza kuziba tena.

Anakojoa matone, kuna damu, halafu anapona mwenyewe ndani ya wiki

Hii ndiyo sura ya kawaida kuliko zote kwa paka wa umri wa kati: uvimbe wa kibofu usio na bakteria, usio na kijiwe, ambao chanzo chake kimoja hakionekani kwenye kipimo. Mkojo ukioteshwa maabara hakuna kinachoota. Utando wa ute unaokinga ukuta wa kibofu huwa umedhoofika, mkojo mkali unauchoma ukuta, na neva zinapeleka maumivu. Daktari wa mifugo Tony Buffington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani walitumia miaka mingi kuwachunguza paka wa namna hii, wakaonyesha kwamba tatizo haliishii kwenye kibofu: mfumo mzima wa mwili wa kupokea hofu na misukosuko haufanyi kazi kama wa paka wengine.

Shambulio la namna hii kwa kawaida huisha lenyewe ndani ya siku chache hadi wiki, paka apewe dawa au asipewe. Hapo ndipo sindano ya antibayotiki inapopata sifa isiyo yake. Ilichomwa siku ya pili, paka akapona siku ya tano, sote tukaamini. Nilikaa nayo imani hiyo mwaka mzima, na wakati huo wote sikubadilisha hata punje moja bakulini. Anachohitaji paka siku hizo ni dawa ya maumivu iliyo salama kwa paka, ambayo daktari atampa, pamoja na utulivu. Kisha wewe utafute kilichomsukuma.

Chukua kalenda. Niliporudi nyuma na tarehe za Karafuu, ya kwanza iliangukia wiki ambayo mafundi walikuwa wakibomoa ukuta wa jirani. Ya pili ilikuwa siku za Idi, nyumba imejaa wageni na watoto. Ya tatu, kulikuwa na dume wa mtaani aliyekuja kila magharibi kukaa kwenye dirisha la jikoni na kumkodolea macho. Kuhama nyumba, mtoto mchanga, paka mpya, kubadilishiwa beseni la mchanga, hata mwenye nyumba kusafiri, vyote vinatosha.

Kwa hiyo huyu anahitaji mahali pa juu pa kupanda, mahali pa kujificha pasipofikiwa na watoto, saa za kula zisizoyumba, na dakika chache za kuchezeshwa kila siku. Mabeseni ya mchanga yawe idadi ya paka ulio nao na moja zaidi, yasiwekwe yote kona moja, na kinyesi kiondolewe kila siku. Dirisha la jikoni mimi niliziba nusu ya chini kwa kadibodi.

Na chakula? Kina nafasi kubwa hata hapa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, paka wenye tatizo hili waliolishwa chakula cha kopo, ni asilimia 11 tu waliorudiwa na dalili ndani ya mwaka mmoja. Waliolishwa chakula kavu cha aina hiyo hiyo walikuwa asilimia 39. Tofauti kubwa kati ya vyakula hivyo viwili ilikuwa maji.

Daktari ameona fuwele au vijiwe

Hapa uliza vizuri, kwa sababu fuwele kwenye mkojo peke yake si ugonjwa. Paka mzima anaweza kuwa nazo na asisumbuke maisha yake yote. Tena mkojo ukikaa kwenye jokofu au ukicheleweshwa njiani, fuwele hujitengeneza humo humo ndani ya kichupa. Sampuli iangaliwe ikiwa mbichi, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Nimewahi kubadilishiwa chakula kwa sababu ya fuwele za kwenye mkojo uliolala jokofuni usiku kucha.

Kijiwe chenyewe huonekana kwa eksirei au ultrasaundi, na kuna aina mbili zinazotawala. Zinataka tiba zinazopingana, kwa hiyo ukizichanganya utaharibu.

Struvaiti hutengenezwa na magnesi, amonia na fosfeti, na hupenda mkojo usio na tindikali. Kwa paka, tofauti na mbwa, mara nyingi hakuna bakteria nyuma yake. Habari njema ni kwamba huyeyuka kwa chakula. Kuna vyakula maalumu vya tiba vinavyoandikwa na daktari, vyenye madini hayo kwa kiasi kidogo na vinavyosogeza mkojo kwenye tindikali. Paka akila hicho tu, kijiwe huweza kupotea ndani ya wiki mbili hadi nne, mara nyingine zaidi. Neno "tu" ni zito hapo. Kichwa kimoja cha samaki kutoka mezani kila jioni kinatosha kuharibu kazi yote.

Oksaleti ya kalsiamu haiyeyuki kwa chakula chochote. Hutolewa kwa upasuaji au kwa kusukumwa kwa maji kikiwa kidogo, na baada ya hapo kazi ya chakula ni kuzuia kingine kisijengeke. Hii huonekana zaidi kwa paka wenye umri mkubwa na kwa baadhi ya mbegu, wakiwemo Persian, ambao machotara wao wamekuwa wengi mijini kwetu. Huyu ukimpa chakula cha kuongeza tindikali kwa kudhani ana struvaiti, unamjengea kijiwe.

Historia inafundisha. Miaka ya 1970 na 1980 struvaiti ilikuwa ndiyo shida kubwa Marekani na Ulaya, na watengenezaji wa chakula wakapunguza magnesi na kuongeza tindikali. Struvaiti ikashuka, oksaleti ikapanda. Kituo cha vijiwe cha Chuo Kikuu cha Minnesota, ambacho hupokea vijiwe vya wanyama na kuvichambua, kilihesabu oksaleti kuwa takriban asilimia 2 ya vijiwe vya paka mwaka 1981. Kufikia 2002 ilikuwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana nasisitiza: kijiwe kikitolewa, omba kipimwe ni cha aina gani. Na vidonge vya vitamini C unavyoambiwa "vinasafisha kibofu" viache kabatini, mwili huweza kugeuza sehemu ya vitamini hiyo kuwa oksaleti.

Hesabu ya bakuli

Tuchukue paka wa kilo 4. Kwa siku anahitaji karibu mililita 200 za maji, kwa kula na kunywa. Gramu 60 za punje, ambazo zinamtosha kwa siku, zina maji yasiyofika mililita 6. Zilizobaki, karibu glasi nzima, anatakiwa azinywe kwenye bakuli, na paka wengi hawafanyi hivyo. Chakula cha kopo chenye nguvu kama hiyo ni kama gramu 240, na karibu mililita 185 ndani yake ni maji. Ameshamaliza sehemu kubwa ya hitaji lake kabla hajaligusa bakuli la maji.

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame aliyepata maji yake kutoka kwenye panya na ndege, na panya ni maji kwa kiasi cha asilimia 70 hivi. Figo zake zina uwezo wa ajabu wa kubana mkojo. Kiu yake ni ndogo na huchelewa. Ukimlisha kitu kikavu miaka yote, mkojo unakuwa mchache, mzito, unakaa kibofuni muda mrefu, na madini yanapata nafasi ya kushikana.

Najua bei ya makopo. Kwa wengi wetu paka kula kopo kila siku hakuwezekani, na sitaki msomaji afunge ukurasa hapa. Punje zinaweza kulowekwa. Mimi nilianza na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya vuguvugu juu ya punje za asubuhi, nikaongeza kijiko kila baada ya siku tatu, mpaka zikawa uji mzito. Karafuu aligoma siku mbili za mwanzo, siku ya tatu akala. Kwa joto la pwani usiache chakula kilicholowekwa zaidi ya saa moja au mbili, kitachacha. Njia nyingine ni kumpa kopo mara moja kwa siku na punje zilizolowa mara moja. Maji yaliyochemshia samaki au kuku ni kishawishi kizuri sana, mradi yasiwe na chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vitunguu hivyo ni sumu kwa damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wetu wa kawaida haumfai hata kidogo.

Sasa dagaa, kwa kuwa ndiyo chakula cha paka wa pwani. Dagaa mkavu analiwa na kichwa, miiba na yote, kwa hiyo madini yake ni mengi, fosforasi na magnesi zikiwemo, na ukavu wake ni kama wa punje. Dagaa wa Zanzibar wanaosafirishwa mpaka Kongo huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi ndipo waanikwe. Paka mwenye historia ya struvaiti simpi. Kwa paka mwingine, waloweke, mwaga maji, chemsha upya, na wawe kionjo. Wali au ugali uliochanganywa na dagaa kama mlo wa kila siku una kasoro mbili: nafaka nyingi husogeza mkojo mbali na tindikali, na mlo huo hauna uhakika wa taurini, kirutubisho ambacho paka akikikosa moyo na macho yake huharibika. Ukitaka kumpikia nyumbani moja kwa moja, pata mpangilio wa mlo kutoka kwa daktari. Kukisia hakutoshi.

Bakuli la maji nalo weka mbali na chakula na mbali na mchanga, liwe pana ili ndevu zisiguse kingo, na maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Wapo paka wanaopenda maji yanayotiririka. Inasaidia kidogo. Maji yaliyo ndani ya chakula yanasaidia zaidi.

Ana zaidi ya miaka kumi

Hapa UTI ya kweli inakuwa jambo la kutarajiwa, hasa akiwa na ugonjwa wa figo, kisukari au tezi ya shingo iliyozidi kufanya kazi. Dalili inayotofautisha ni ujazo: anakunywa sana, na mabonge ya mkojo kwenye mchanga ni makubwa, wakati mgonjwa wa kibofu peke yake anaacha vibonge vidogo vingi. Huyu mkojo wake uchukuliwe kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni, uoteshwe, ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inaua bakteria huyo. Damu ipimwe pia. Vyakula vya tiba ya vijiwe ambavyo vimeongezwa chumvi ili paka anywe zaidi huenda visimfae mzee mwenye figo au moyo dhaifu, kwa hiyo usimpe kwa kuazima mfuko wa jirani.

Chakula kimebadilika, na bado imerudi

Angalia kwanza nani mwingine anamlisha. Kwetu paka ni wa mtaa mzima, na jirani mwenye huruma anaweza kuwa anamwekea vichwa vya samaki nyuma ya nyumba. Mweleze, atakuelewa.

Halafu pima mkojo. Kuna kifaa kidogo kiitwacho refraktomita kinachosoma uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji. Lengo ni chini ya 1.035. Karafuu alikuwa 1.054 akiwa kwenye punje kavu, na wiki sita baada ya kulowekewa alisoma 1.031. Bila namba hiyo huwezi kujua kama vijiko unavyoongeza vinatosha. Nyumbani unaweza kuhesabu mabonge: yakizidi kuwa makubwa na kufika mawili, matatu au zaidi kwa siku, maji yanapita.

Mpime na uzito. Paka aliyehasiwa, mnene, anayeshinda ndani, ndiye anayeongoza kwa matatizo haya. Ila usimpunguze kwa njaa, na usitumie njaa kumlazimisha chakula kipya. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, anaweza kujaa mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo unaua. Akigoma siku nzima, rudi kwenye chakula cha zamani, kisha anza upya na robo ya kipya.

Kama ni struvaiti inayoyeyushwa, arudi eksirei kila baada ya wiki nne mpaka kijiwe kisionekane, na aendelee na chakula cha tiba mwezi mmoja zaidi. Kijiwe kisipopungua ingawa paka hali chakula kingine, huenda si struvaiti, na daktari aambiwe hivyo waziwazi. Nenda naye ukiwa na daftari: tarehe za kila shambulio, kilichotokea nyumbani wiki hiyo, alichokula na kiasi chake kwa gramu, idadi ya mabonge. Mkojo wa kupima unaupata kwa kumwaga mchanga wote usiku, kuosha beseni likauka vizuri, na kuweka shanga safi za plastiki mahali pa mchanga. Asubuhi liinamishe, vuta mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, utie kichupani, na uondoke nao hapo hapo.